Mguu wa Mwenye Bucha

Daktari wa upasuaji alipomwambia Mbuthia kwamba mguu wake wa kushoto ungekatwa chini ya goti, Mbuthia hakulia wala hakumwita Mungu. Aliuliza jambo moja tu: "Mtatumia msumeno wa aina gani?"

Daktari alidhani mzee anamchezea. Hakuwa anacheza. Mbuthia alikuwa na bucha Kangemi tangu bintiye akiwa wa kubebwa mgongoni, na hakuna sauti aliyoijua zaidi kuliko ya msumeno ukipita kwenye mfupa wa paja. Kwanza unakwaruza, kisha unashika, halafu ukifika kwenye uboho sauti inalainika, na hapo mkono wa mkataji unapumzika. Alijua uzito wa mguu unapoachana na mwili, na alijua unavyoanguka mezani. Watu wengine wakiambiwa habari ya kukatwa huogopa wasilolijua. Yeye aliogopa kitu alichokifanya kila asubuhi kabla ya chai.

Huo ulikuwa mwaka wa 2006, mvua za masika zikianza. Alipewa tarehe, akarudi nyumbani ndani ya gari la jirani, akamwambia mkewe Wangeci: "Wanataka kunifanya nyama."

Kidonda chenyewe kilianza kwa uzembe. Kipande cha mfupa wa mbuzi kilimdunga juu kidogo ya kifundo cha mguu, akakichomoa, akapangusa damu kwa aproni, akaendelea kuuza. Mwingine angepona wiki hiyo hiyo. Lakini Mbuthia alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa zake alizimeza siku akizikumbuka, na wikendi, wateja wakiwa wengi, hakuzikumbuka kabisa. Kidonda kikakataa kufunga. Kikapanuka, kikachimba, kikawa na upana wa kisosi, na katikati nyama ikawa nyeusi. Alikijaribia spiriti, akakijaribia unga wa mizizi kutoka sokoni, akaenda kufungwa bandeji mpaka manesi wakamzoea. Harufu ilipoanza aliuzungushia mguu karatasi ya nailoni chini ya suruali ili wateja wasiisikie. Kazi bure. La kuvunda halina ubani, na Wangeci, aliyelala naye kitanda kimoja, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua hilo. Alimwambia mara nyingi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mbuthia alimjibu kwamba methali haziuzi nyama.

Sasa, ili umwelewe mtu huyu, lazima nikwambie habari zake na nzi.

Bucha nyingi za mtaa ule zilikuwa na nzi na hakuna aliyeona ajabu. Kwa Mbuthia, nzi mmoja alikuwa aibu ya ukoo mzima. Alitia wavu wa waya dirishani na mlangoni. Meza ilisuguliwa kwa maji ya moto na dawa ya Jik asubuhi na jioni, na mfanyakazi aliyeacha mlango wazi alitukanwa mpaka akafikiria kurudi kwao. Mteja akiingia, Mbuthia alitazama kwanza kama hakuingia na mdudu, ndipo akamsalimu. Vijana wa steji ya matatu walimbandika jina la Doom, lile la dawa ya kunyunyizia wadudu, naye alijifanya kukasirika lakini moyoni alilipenda. Watu walitoka hata Kitisuru na magari yao makubwa kununua kwake, kwa sababu ya sifa hiyo moja. Ndiyo maana mambo yaliyofuata yalimkaa kooni.

Binti yake, Nyakio, alikuwa karani katika ofisi moja ya bima Westlands. Mwenzake wa ofisini alimpa habari za daktari fulani mwenye kliniki ndogo Parklands, anayeponya vidonda sugu bila kisu. Nyakio aliuliza anaponya vipi, akaambiwa, akalificha jibu. Alikuwa anamjua babake. Alimwambia tu kwamba kuna daktari mwingine, na kusikiliza si kukubali.

Siku chache kabla ya ile tarehe ya kukatwa wakaenda wote watatu. Daktari Haron alikuwa mtu mrefu wa sauti ya chini. Alikinusa kidonda, akakibonyeza pembeni, akauliza kuhusu sukari, kisha akavua glavu.

"Mzee, hii nyama nyeusi ndiyo inakuua. Ikitoka, mguu unaweza kupona. Kisu kitatoa mbaya pamoja na nzuri. Lakini mimi nina wafanyakazi wanaojua kutenganisha."

"Wafanyakazi gani?"

"Mabuu. Watoto wa nzi."

Mbuthia alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Funza," alisema. "Wale weupe wa mzoga."

"Si wa mzoga. Hawa nawafuga mwenyewe, chumba cha nyuma. Mayai yanaoshwa kwa dawa kabla ya kuanguliwa. Wanakula nyama iliyokufa tu. Iliyo hai hawaigusi."

Mbuthia aliinuka bila kuaga. Alitoka akiruka kwa mguu mmoja na fimbo, akafika kwenye korido akachoka. Akaketi kwenye benchi. Wangeci akamfuata.

"Baba Nyakio, rudi ndani."

"Wewe unajua mimi ni nani Kangemi. Mtu akisikia Mbuthia ana funza, nani atanunua kwangu hata mfupa wa mbwa?"

"Na wakisikia Mbuthia amekufa?"

"Heri hiyo. Maiti ikiwa na funza, hakuna anayeicheka."

Wangeci alikuwa mwanamke wa maneno machache na alijua pa kuyaweka. Alikaa kando yake, akatoa kitambaa, akajipangusa uso polepole, halafu akasema, "Basi twende tukaulize huo msumeno wao ni wa aina gani."

Mbuthia akausikia. Ukakwaruza, ukashika, ukalainika. Jasho likamtoka kwapani ingawa korido ilikuwa na baridi. Akachukua fimbo yake na kurudi ndani.

Lakini alirudi na sharti: mtu yeyote asijue. Si mtaa, si kanisa, si jamaa.

"Wanaoishi na wewe lazima wajue," alisema Daktari Haron. "Hilo sibishani."

"Wanaoishi na mimi ni hawa wawili."

Wakati huo ilikuwa kweli.

Nesi aliyemhudumia aliitwa Stellah, msichana wa Machakos mwenye mikono myepesi. "Mzee, angalia ukutani kama hutaki kuona," alimwambia. Mbuthia aliangalia. Alitaka kumjua adui yake. Kwenye chupa ndogo, juu ya kitambaa chenye unyevu, kulikuwa na vitu vyembamba kama vipande vya uzi mweupe, vikijikunja na kujikunjua. Stellah akavishusha juu ya kidonda, akakifunika kwa kitambaa chembamba cha wavu, akakizungushia plasta pembeni ili asitoke hata mmoja, na juu akaweka pamba ya kunyonya maji.

"Nitawasikia?"

"Leo hapana. Wakinenepa, utawasikia kidogo. Meza hizi tembe za maumivu. Na usiloweshe, usifungue, usipake kitu chochote. Sawa, baba?"

Nyumbani aliwekwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli, na redio ikafunguliwa kwa sauti kubwa. Siku ya kwanza hakusikia kitu. Ya pili kukaanza kutekenya, kisha kuchoma, kama mtu anayemvuta nywele moja moja kutoka ndani. Mbuthia alikata kauli kwamba anawasikia wakitafuna. Nyakio alimwambia haiwezekani. Mbuthia akamjibu kwamba hajui kitu, yeye amesikia mbwa wakitafuna nyuma ya bucha maisha yake yote. Mara tatu alishika ile plasta kwa kucha, tayari kuing'oa, na mara tatu akauona mguu ukianguka mezani, akaachilia. Hakulala, hakula, alikaa akiutazama mguu wake kama mlinzi aliyepewa nyumba ya mtu asiyempenda.

Wazee wa kanisa walikuja kumwombea. Wangeci akawaambia mgonjwa anatumia dawa ya Ujerumani isiyotaka kufunguliwa. Uongo ule ulikuwa mtamu, ukaenea mtaani, na kabla ya wiki kuisha kulikuwa na mwanamke wa mboga aliyekuja kuuliza kama hiyo dawa inatibu pia mgongo.

Waliporudi Parklands, Stellah alifungua kitambaa, na Mbuthia akatapika kwenye beseni. Vile vipande vya uzi vilikuwa vimenenepa kama punje za mchele. Lakini Daktari Haron alipoosha kidonda, alimwita Wangeci aje aone. Pembeni, pale palipokuwa peusi, sasa palikuwa pekundu.

"Nusu ya kazi," alisema. "Katikati bado ni ndani sana. Tuweke wengine."

Mbuthia aliitikia kwa kichwa tu, maana angefungua mdomo angekataa.

Asubuhi iliyofuata, Waithera alifika kutoka Kinangop.

Waithera alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mtu wa ng'ombe na viazi. Alikuwa amesikia kutoka kwa watu wa soko kwamba mdogo wake anakatwa mguu, na hakuambiwa na mtu yeyote wa nyumba ile. Alipanda gari alfajiri na jerikeni la maziwa, gunia la viazi na uchungu wake moyoni. Wangeci alikuwa ameenda bucha kupokea nyama. Nyakio alikuwa kazini. Mbuthia alimfungulia mlango mwenyewe.

"Kwa hivyo mtoto wa mama yangu anakatwa na mimi naambiwa na wauza kabichi," alisema Waithera.

"Hawakati tena. Kuna dawa."

"Dawa gani?"

Hapo ndipo angeweza kusema ukweli. Dada yake mwenyewe, aliyemlea, ameketi mbele yake na maziwa mapajani. Ulimi ulifika mlangoni ukaogopa. "Ya Ujerumani," alisema. "Usijali. Haifunguliwi mpaka kesho."

Waithera alimpikia uji, akamwekea mto, akamenya viazi. Mbuthia alimeza tembe za maumivu, na kwa kuwa hakuwa amelala usiku kucha, usingizi ukambeba akiwa katikati ya sentensi.

Aliamka mguu ukiwaka moto.

Kwanza alidhani nyumba inaungua. Harufu ya mafuta ya taa ilijaa sebuleni. Akafumbua macho, akamwona dada yake amepiga magoti mbele ya stuli, bandeji zimetapakaa sakafuni, kopo la mafuta ya jiko mkono mmoja na kijiti mkono mwingine. Midomo yake ilikuwa ikienda mbio kwa maombi. Mdudu mmoja alikuwa ametoroka kupitia pembe ya plasta akatambaa juu ya shuka, na Waithera alikuwa amemwona. Huko Kinangop, ndama akiingiwa na funza kwenye kidonda hakungojwi daktari wala mchungaji. Anamwagiwa mafuta ya taa kabla jua halijatua, wanatoka wakijipinda, na ndama anapona. Alikuwa ameokoa wengi namna hiyo.

"Tulia, mtoto wa mama," alisema, na akamwaga tena. "Tulia, wanatoka."

"Acha!" Mbuthia alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Waithera, acha! Ni wangu! Hao ni wangu!"

Waithera aliganda, kopo likiwa hewani. Alimtazama mdogo wake, akaona mtu aliyerukwa na akili.

Jirani alimpigia simu Wangeci, naye akaja na pikapu ya nyama, ile yenye sanduku la bati nyuma, kwa sababu hakukuwa na gari jingine. Mbuthia alilazwa mahali panapolazwa mapaja ya ng'ombe. Waithera alipanda nyuma pamoja naye akamshikilia mguu usigonge bati. Barabara yote ya Waiyaki Way magari yalikuwa yamesimama, na walipofika Westlands hawakusogea kabisa, honi zikilia, mvua ikipiga bati juu yao. Mguu ulikuwa unapiga kama moyo wa pili. Hakusema na dada yake njia nzima, na alikuwa na hasira iliyomfanya asage meno. Lakini kila pikapu ilipotikisika, mikono ya Waithera ilikuwa pale.

Daktari Haron aliosha kidonda maji baada ya maji. Mabuu wote walikuwa wamekufa. Ile nyama nyekundu iliyoanza kuota pembeni ilikuwa imeungua, imekuwa ya kijivu. Mbuthia alikuwa na homa, na wekundu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kidondani kuelekea gotini. Daktari alitoa kalamu mfukoni, akachora mstari kwenye muundi, kidogo chini ya goti.

"Wekundu ukifika hapa, mzee, hatuongei tena. Nimempigia daktari wa upasuaji. Atakuja kukuona." Kisha akamgeukia Wangeci, na ile sauti yake ya chini ikapanda. "Nilisema kila mtu nyumbani ajue! Nilisema au sikusema?"

"Ulisema," alijibu Wangeci.

Alilazwa katika hospitali iliyopakana na kliniki, chumba chenye vitanda vitatu. Kwenye kingine kulikuwa na mzee wa Kihindi na mwanawe, kwenye kingine dereva wa teksi aliyevunjika mkono. Waithera aliketi kwenye kiti karibu na mlango, leso imefungwa kichwani vizuri, mikono mapajani. Alikuwa ameambiwa kila kitu na Wangeci huko korido. Alikaa hivyo mpaka Mbuthia akashindwa kuvumilia kimya.

"Sema basi."

"Nilidhani wanakula wewe," alisema Waithera. "Vile walikula baba."

Mbuthia alijua kwamba baba yao alikufa kwa mguu. Zaidi ya hapo hakujua, maana alikuwa mtoto wa kunyonya.

"Wakati ule wa mkoloni alitoka kizuizini na kidonda," alisema Waithera. "Mama alikuwa anapelekwa na askari, yeye na wanawake wa kijiji, kuchimba handaki tangu asubuhi. Mimi ndiye nilikuwa nabaki na yeye. Niliwaona kwa mguu wake. Weupe hivyo hivyo. Halafu akafa. Sasa leo naona wengine kwa mguu wako, na umelala, na hakuna mtu ameniambia kitu. Ningefanya nini?"

Ile hasira aliyokuja nayo kutoka Kangemi ilimtoka Mbuthia, na mahali pake pakaingia aibu. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na huu alikuwa ameutafuta kwa mikono yake miwili. Aliona haya mbele ya watu wa Kitisuru wasiojua hata jina lake la pili, na kwa ajili yao alimdanganya mtu aliyemfundisha kutembea.

"Mimi ndiye sikukwambia," alisema. "Kosa ni yangu."

Daktari wa upasuaji alikuja jioni na kesho yake asubuhi akarudi. Ni yule yule aliyeulizwa habari ya msumeno. Aliutazama mguu, akautazama mstari. Wekundu ulikuwa umebakisha upana wa vidole viwili.

"Mimi ningekata leo," alimwambia Daktari Haron.

"Wapya wanaanguliwa sasa hivi," alisema Haron, lakini alisema bila nguvu. "Naweza kuwaweka kabla ya saa sita. Shida si wadudu. Shida ni kama hawa watu wanawataka." Akamgeukia Mbuthia. "Mzee, mara ya kwanza ulikubali kama mtu anayesukumwa. Nikiweka tena na vurugu ikatokea, hutapoteza mguu, utapoteza maisha. Kisu ni salama zaidi leo. Nakwambia ukweli."

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Dereva wa teksi alikuwa ameinuka nusu kitandani. Mwana wa yule mzee wa Kihindi aliacha kumenya chungwa. Mbuthia alijua kwamba dereva ni mtu wa Kangemi, alikuwa amemwona steji mara nyingi, na lolote atakalosema hapa litafika bucha kabla ya yeye mwenyewe.

"Daktari," alisema kwa sauti ambayo hata korido ilisikia, "mimi ni Mbuthia wa bucha ya Kangemi. Niwekee funza."

"Huogopi?"

"Naogopa kabisa. Niwekee."

"Na huyu mama?"

Waithera aliinuka, akasogeza kiti chake kutoka mlangoni, akakiweka kando ya kitanda, upande wa miguu. "Mimi nakaa hapa," alisema. "Mtu akuje na mafuta ya taa, atanipata."

Dereva wa teksi akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza.

Daktari wa upasuaji alikubali kungoja, lakini hakuondoka mbali, na chumba cha upasuaji kiliwekwa tayari. Stellah alileta chupa. Safari hii Mbuthia mwenyewe ndiye aliyeshikilia wavu wakati plasta inawekwa. Kisha wakangoja. Homa ilipanda, akatetemeka chini ya mablanketi, akaongea maneno yasiyo na kichwa. Wekundu ulipanda tena, ukafika karibu na mstari kiasi kwamba Wangeci alikataa kuangalia. Nyakio aliomba ruhusa kazini akaja, akasimama dirishani akiomba kimoyomoyo. Waithera ndiye aliyeutazama mstari ule bila kuchoka. Kila Mbuthia alipofumbua macho alimkuta hivyo hivyo, ameinama, kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Funza walipoanza kumuuma, Mbuthia alilia kwa sauti bila kuona haya, na dada yake akamshika kidole gumba cha mguu, mahali pekee pasipouma.

Kulipokucha siku nyingine, Waithera alimwita Stellah, akamwonyesha kwa kidole bila kusema. Wekundu ulikuwa umeacha mstari, umeanza kushuka.

Siku ya kufungua, madaktari wote wawili walikuwapo. Stellah alitoa plasta, akawamwagia maji wale wadudu, wakaanguka kwenye beseni wakiwa wanono. Mbuthia hakutapika. Aliinama kuangalia. Daktari Haron aligusa katikati ya kidonda kwa chombo chake, pale palipokuwa peusi miezi yote ile, na damu ikachuruzika, nyekundu, mbichi, ikatiririka hadi kisiginoni. Mbuthia hakungoja kuelezwa. Katika maisha yake alikuwa ameuza nyama ya kila namna, na hakuhitaji kufundishwa ipi imekufa na ipi ingali hai.

"Hiyo inaishi," alisema.

"Inaishi," alisema Daktari Haron. "Kidonda kitachukua muda kufunga, na sukari usiichezee tena. Lakini mguu ni wako."

Wangeci aliketi chini, pale pale sakafuni, akajifunika uso kwa leso. Nyakio alikuwa anacheka na kulia. Daktari wa upasuaji alimpa Mbuthia mkono, akatoka kwenda kufuta miadi ya chumba chake cha upasuaji.

Waithera tu ndiye ambaye hakusogea. Alikuwa amesimama kando ya beseni, anawatazama wale funza wakijikunja ndani ya maji.

"Daktari," alisema, "wale wa baba yangu walikuwa wanamla, ama walikuwa wanafanya hii kazi?"

Daktari Haron hakuelewa, mpaka Wangeci alipomweleza kwa maneno machache. Akamjibu kama mjukuu kwa bibi yake. "Shosho, wale wanaokuja wenyewe si kama hawa wangu. Kuna aina inakula hata nyama nzima. Sikumwona baba yako. Siwezi kujua."

"Niliwatoa na mwiba," alisema Waithera. "Mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Nilikuwa nafanya kila siku mama akienda handaki. Mama alirudi akanisifu. Na wakati walikuwa ndani, mguu ulikuwa mwekundu namna hii. Nakumbuka. Ulikuja kuwa mweusi baadaye." Akamwinulia daktari macho. "Inawezekana?"

Daktari Haron aliangalia beseni. "Inawezekana," alisema.

Mwanamke yule, aliyezika mume na watoto wawili bila watu kumwona akiyumba, aliweka mkono ukutani. Alikuwa tena msichana mdogo na mwiba mkononi, akingoja kusifiwa.

Mbuthia alishusha mguu kutoka kitandani. Stellah alipiga kelele kwamba asikanyage, bado, kidonda kiko wazi, baba, tafadhali. Mbuthia alikanyaga. Maumivu yalimpanda hadi kwenye meno, na damu ikaacha alama sakafuni kila alipoinua kisigino, lakini alikwenda, ameshikilia kitanda, kisha meza, kisha hewa tupu, mpaka akafika alipokuwa dada yake.

"Hata mimi ningewatoa," alimwambia. "Wote. Nisingebakisha hata mmoja."

Waithera akamshika mkono, kwa sababu alikuwa anayumba.